Mji wa Chokaa

Mjukuu wangu Moraa ni muuguzi Uingereza, na mwaka juzi alinichukua nikakae naye majira ya joto. Siku moja aliyokuwa hana zamu alinipeleka kuutembelea mji mmoja wa kale, ambao watu huwa wanaujia kwa sababu ya chemchemi zake za kuponya. Jina la mji huo sitalitaja, maana mji wenyewe haukunikosea kitu. Tuliposhuka kwenye garimoshi Moraa alitoa simu yake atafute ramani, akaniambia, "Nyanya, ngoja kidogo nione tunapitia wapi." Mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea. Nilivuka daraja dogo la mawe, nikapita kanisa lenye mnara butu, nikakata kushoto kwenye kona ya duka la mikate, ambalo siku hizi linauza miwani, nikapanda kilima hadi kwenye nyumba nyeupe zilizopangwa kwa duara la nusu mwezi. Moraa alinifikia akihema.

"Haki, Nyanya! Kwani ushawahi kufika huku?"

"Nimefika."

"Lini sasa? Pasipoti yako haina hata mwaka."

"Kabla mama yako hajazaliwa. Tena nilikuwa miguu mitupu."

Alicheka akidhani namtania. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kushindwa kumtazama usoni, na mwanamke wa miaka zaidi ya sabini akisimama njiani katika nchi ya watu, ngumi amezikunja, watu humdhania mgonjwa. Kwa hiyo nilijikalisha kwenye benchi mbele ya zile nyumba, nikamwambia magoti yananiuma. Hilo halikuwa uongo, ila halikuwa ndilo lililonikalisha.

Mji ule niliujua nikiwa na miaka kumi na sita, katika miaka ya hamsini, kwenye shule ya misheni ya wasichana juu ya kilima cha Manga. Tulikuwa wasichana wa bweni moja refu, lenye sakafu ya udongo tuliyoisiriba samadi wenyewe. Kila mmoja alikuwa na gauni moja la bluu, lililofuliwa Ijumaa kabla jua halijatua ili Sabato isitukute na mikono ndani ya karai. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi, mchana tulikula mahindi na maharagwe, na jioni ndizi za kupika pamoja na maharagwe yaliyobaki mchana. Nilikipenda chakula kile, na harufu ya moshi jikoni naikumbuka mpaka leo. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Misi Alderby, mwanamke mwembamba aliyefunga vifungo vya blauzi hadi kooni hata wakati wa jua kali. Vitabu vya kusomea havikututosha, kwa hiyo aliamua kutufundishia kitu alichokijua kuliko vyote, yaani mji alikozaliwa. Aliuchora uwanjani kwa chokaa na majivu. Mitaa aliiwekea kamba za migomba. Ubao juu ya mtaro ukawa daraja, rundo la matofali likawa kanisa, na mawe meupe yaliyopangwa nusu mwezi yakawa nyumba za mabwana. Kila siku tukitoka kulima shamba la shule, tulinawa miguu na kuingia mjini wawili wawili, tukiwa tumeshika miavuli isiyokuwepo, tukisalimiana kwa Kiingereza na kuambiana habari za hali ya hewa.

"Mtu anayetembea mjini haangalii miguu yake," Misi alituambia. Aliyekanyaga kamba alipewa ndoo ya chokaa auchore upya mtaa ule. Na mvua ya Manga mnaijua. Ilinyesha karibu kila alasiri na kuufuta mji mzima, na mimi niliyekuwa mrefu, mwenye miguu isiyosikia, ndiye niliyekanyaga kamba kuliko wote. Nadhani niliuchora mji ule mara nyingi kuliko waashi waliojenga ule wa kweli. Ndiyo maana miguu yangu ilijua pa kukata kushoto.

Katikati ya mji palikuwa na kitu Misi alichokiita Nyumba ya Maji, na hapo ndipo ilipo hasira yangu. Ilikuwa duara la mawe lenye ndoo na vikombe vitatu vya bati. Misi alituambia kwamba katika mji wao hutoka chini ya ardhi maji ya moto yenye ladha ya chuma na mayai yaliyooza, na kwamba tangu zamani za Warumi watu wenye mifupa mibovu wamekuja kuyanywa na kuyaoga, wafalme na ombaomba pamoja. Kila mmoja wetu aliyefika pale alipaswa kunywa, kukunja uso kidogo, kisha kuitamka sentensi moja tuliyoikariri hadi tukawa tunaiota: "Maji haya huponya mifupa, yako wazi kwa tajiri na maskini, kwa mwenyeji na mgeni, na hakuna aliyewahi kuyafunga." Misi akiisikia sentensi ile macho yake yalilowa. Alikuwa amekumbuka kwao, maskini. Mimi pia nilikumbuka kwetu.

Kwetu ni Nyansiongo, kwenye mpaka wa shamba la mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Seng'enge, kwa sababu kitu cha kwanza alichokileta kilikuwa marobota ya seng'enge. Ndani ya shamba lake, bondeni, palikuwa na maji ya chumvi yaliyotoka kwenye ufa wa jiwe. Yalinuka vilevile alivyoeleza Misi. Kabla ya ile waya, ng'ombe mwenye mimba alipelekwa kuyanywa mwezi wa mwisho ili azae vizuri na maziwa yasikauke. Wanawake waliochoka magoti walikaa ukingoni na kutia miguu humo hadi vidole vikakunjamana. Mtu hakuwa na zamu maalumu, ila aliyefika wa kwanza alifagia ukingo kwa tawi, na aliyeondoka wa mwisho aliliacha lile tawi juu ya jiwe kwa ajili ya wa kesho. Haya niliambiwa na mama yake baba yangu, ambaye sote tulimwita Magokoro, jina la nyanya kwa Kikisii. Magoti yake yalikuwa yamevimba kama viazi mviringo. Tangu maji yafungwe alikuwa na kibuyu kimoja tu cha maji yale, alichokiziba kwa nta na kukificha chini ya kitanda, naye alikuwa akijipaka matone machache siku za baridi.

Likizo ya Agosti nilirudi nyumbani na sentensi yangu. Asubuhi moja tulikuwa jikoni, Magokoro akisonga wimbi, mimi nikichambua mboga za chinsaga. Nilimweleza habari za mji wa Misi, mitaa na madaraja, naye alisikiliza kwa adabu huku hata hajali. Nilipofika kwenye Nyumba ya Maji, mwiko ulisimama ndani ya chungu.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia.

"Mwalimu wako ni mzungu kabisa? Si nusu?"

"Mzungu kabisa, Magokoro."

"Na amesema kwao hayo maji hayafungwi?"

"Amesema hakuna aliyewahi kuyafunga. Ndivyo ilivyo kwao."

"Basi ni sheria yao," alisema Magokoro, akaendelea kusonga. "Kumbe huyu wa hapa hajaambiwa. Tutamwambia."

Ningeweza kumzuia. Nimeirudia asubuhi ile kichwani miaka yote hii, na kila mara najiona mimi yule wa miaka kumi na sita, kifua mbele, nimejaa kisomo, nikiamini kwamba kinachofundishwa na Mwingereza darasani kinamfunga Mwingereza shambani. Sikuwa mtoto tena. Nilikuwa mjinga aliyesoma, na mjinga wa namna hiyo ana hatari kuliko asiyejua kitu. Siku ya tatu tulishuka bondeni, Magokoro na fimbo yake mbele, mimi nyuma nikimswaga ng'ombe wake wa pekee, jike jekundu lenye tumbo kubwa, lililobakiza wiki mbili kuzaa. Lango lilikuwa wazi, kwa kuwa mkokoteni wa maziwa ulikuwa unatoka. Bwana Seng'enge alikuwa amesimama pale na kofia yake.

"Mwambie," Magokoro aliniambia. "Mwambie vile mwalimu alisema."

Nikamwambia. Niliitamka sentensi yote kwa Kiingereza, sikukosea hata neno, na sikuangalia miguu yangu. Alinitazama kwanza kwa mshangao, halafu akacheka. "Nani nafundisha wewe?" aliuliza kwa Kiswahili chao kile cha shambani. Kabla sijajibu, yule ng'ombe alinusa chumvi. Ng'ombe mwenye mimba akinusa chumvi hangoji watu wamalize mazungumzo. Alinikwepa, akapita langoni, akateremka mbio hadi kwenye jiwe, akainamisha kichwa na kunywa.

"Hii ng'ombe iko na ugonjwa," alisema Bwana Seng'enge. "Hapana ingia kwa ng'ombe yangu." Ng'ombe yule hakuwa na ugonjwa wowote. Alimtuma mtu akalete bunduki, na wakati wote bunduki ilipokuwa ikiletwa Magokoro aliendelea kusema naye kwa Kikisii, polepole, kama unavyomsemesha mtu aliyeingia nyumba siyo, akimwelekeza kwamba ng'ombe anakunywa tu, akimaliza ataondoka, na tawi la kufagia tumelileta. Bwana Seng'enge alimpiga ng'ombe risasi akiwa bado anakunywa. Maji yalikuwa mekundu hadi chini kwenye matete. Tulifukuzwa bila kuruhusiwa kuchukua hata ngozi.

Njiani Magokoro hakunilaumu. Alinishika bega ili magoti yake yaweze kupanda mlima, na tulipofika nyumbani alisema neno moja tu: "Ulisema ni sheria yao." Hakulisema kwa ukali. Aliniuliza kweli, alitaka kuelewa. Asubuhi ya kurudi shule nilikuwa na kikohozi, naye akatoa kile kibuyu chini ya kitanda akanipa nikisugulie kifua. Nilikataa. Akakitia mwenyewe kwenye sanduku langu.

Nilirudi Manga nikiwa na nia ya kumwambia Misi kila kitu. Niliamini angekasirika kuliko mimi. Wiki ya kwanza nilipewa kazi ya kufuta madirisha ya nyumba yake, na barazani alikuwa amekaa na mgeni, wakinywa chai na keki ya ndizi. Mgeni alikuwa Bwana Seng'enge. Kumbe maziwa tuliyotiliwa kwenye uji siku za sherehe yalitoka kwake, na alikuwa mmoja wa wazee wa kamati ya shule. Nilisimama na kitambaa changu kwenye kioo nikamsikia akisimulia habari ya bikizee aliyemletea mnyama mgonjwa kwenye kidimbwi cha tope, akidhani ni dawa. Hakusema kwamba kulikuwa na msichana aliyezungumza Kiingereza. Misi alisikiliza kichwa amekiinamisha upande. "Maskini," alisema. "Wanaamini maji! Ushirikina huu utachukua vizazi vingi kuwatoka." Kisha akamkatia kipande kingine cha keki. Kutoka pale barazani, chini uwanjani, duara la Nyumba ya Maji lilionekana vizuri sana, jeupe, nilikuwa nimelichora upya jana yake.

Sijui kama wanaosoma haya wataelewa kwa nini jambo lile liliniumiza kuliko bunduki. Bwana Seng'enge nilikuwa nimeshamjua ni mtu wa namna gani. Lakini Misi alitokwa machozi kwa ajili ya maji! Alitufanya tuyanywe ya ndoo, tena yasiyonuka chochote, tukunje nyuso kwa heshima ya bibi zake. Na alipotajiwa bibi wa mtu mwingine, mwenye magoti yaleyale, akiyafuata maji yaleyale, neno lililomjia ni ushirikina. Nililifuta dirisha lile hadi likatoa mlio.

Mwisho wa muhula walikuja wageni kuuona mji wetu. Kamati nzima ilikuja, na wake zao, na viti vikapangwa. Wasichana walitembea wawili wawili na safari hii miavuli ilikuwa ya kweli, ya kuazima. Mimi nilipewa Nyumba ya Maji kwa sababu nilikuwa na matamshi mazuri. Alfajiri nilikuwa nimeimwaga ndoo ya maji ya mtoni, nikatia humo maji ya kibuyu cha Magokoro, yote, hadi tone la mwisho. Yalijaa vikombe viwili tu. Wageni waliongozwa mtaa kwa mtaa, wakicheka kwa furaha, na walipofika kwangu Misi akamwomba Bwana Seng'enge awe wa kwanza kunywa, kwa heshima. Alinitazama usoni kutoka hatua mbili. Hakunitambua.

Alikunywa. Nikaona uso wake ukijikunja kikweli, si kwa mchezo. Akakinusa kikombe. Nikaitamka sentensi: maji haya huponya mifupa, yako wazi kwa tajiri na maskini, kwa mwenyeji na mgeni, na hakuna aliyewahi kuyafunga. Kisha nikaongeza ya kwangu, kwa Kiingereza cha Misi, sauti ileile. "Haya yametoka Nyansiongo, bwana. Wewe ndiye uliyeyafunga. Nyanya yangu alikuja kwako na ng'ombe mmoja."

Walipiga makofi. Hilo ndilo nililolikumbuka kwenye benchi nikiwa na Moraa. Wake wa kamati walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi, mmoja akasema msichana huyu ni hodari, na Bwana Seng'enge naye, baada ya kutazama huku na huku, akapiga makofi pia. Misi peke yake ndiye hakupiga. Alikuwa amepauka hadi masikioni.

Aliniita ofisini kabla ya chakula cha jioni. Aliniambia nimemnywesha mgeni maji machafu na nimeiaibisha shule, na niombe msamaha kwa barua.

"Misi," nilimwuliza, "yale ya kwenu na haya yana tofauti gani?"

Nadhani, na nimejitahidi kumtendea haki, nadhani aliliona swali. Lakini alisema, "Yale ni historia, Kerubo. Haya ni tope." Sikuandika barua. Kesho yake nilibeba sanduku langu kichwani, nikaukata uwanja katikati, juu ya kamba na chokaa, kanisa nikalipita, mitaa yote nikaikanyaga, na nikashuka Manga kwa miguu. Shule nyingine ilinipokea baadaye, nikawa mwalimu, na kwa miaka yote niliyofundisha sikumpa mtoto sentensi ya kukariri ambayo nisingethubutu kuisema langoni kwa mtu. Magokoro alikufa kabla ya uhuru. Nilimkiria kwamba kibuyu nilikimaliza kwenye mdomo wa yule mtu. Alifikiri kidogo akauliza, "Alimeza?" Nikamwambia alimeza. "Basi," alisema, na hakukitaja tena, ila siku za baridi nilikuwa namwona akipapasa chini ya kitanda kwa mazoea. Bwana Seng'enge aliondoka, shamba likagawanywa, na jiwe lile likaangukia kiwanja cha mtu wetu, anayesali kanisa moja nami. Waya ya seng'enge hakuitoa. Ameongeza kufuli. Nimemwambia ana kwa ana kwamba ni aibu, mbele ya mkewe, na nitamwambia tena.

Moraa aliponiinua kwenye benchi tulishuka hadi Nyumba ya Maji yenyewe, ya kweli. Ni jumba kubwa lenye nguzo na taa za vioo, na watu wakinywa chai humo. Ukutani pana kibao cha shaba, nikavaa miwani nikakisoma mara mbili. Kilisema kwamba chemchemi hizi ni za watu wote, wenyeji na wageni, milele, na kwamba mtu yeyote asizifunge. Misi hakutudanganya hata kidogo. Ilikuwa sheria yao kweli, tangu zamani, imeandikwa. Ila waliiacha nyumbani walipokuja kwetu.

Msichana aliyevaa aproni nyeupe alinijazia glasi, akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Nilikunywa. Ya Nyansiongo ni mazito zaidi. Moraa alikuwa anapiga picha.

"Samahani, mwanangu," nilimwuliza yule msichana kwa Kiingereza. "Bikizee akija hapa na ng'ombe, mtamfanyaje?"

Alicheka, kicheko kizuri kisicho na ubaya, akasema sijui, bibi, labda tungemwomba amwache nje. Moraa akanivuta mkono, "Nyanya, twende, kuna watu wanangoja." Sikuondoka. Nilimrudishia glasi yake, nikamwambia kwa matamshi yaleyale aliyonipa Misi kwamba alikuwa ng'ombe mmoja tu, mwekundu, na alikuwa amebakiza wiki mbili kuzaa.